Mtungi wa Fundi wa Kano

Wanangu na wajukuu wakikaa mezani na mtu akataja Wanijeria, basi hapo hapo kicheko. Barua za urithi wa uongo, simu za ulaghai, ati "mjomba wangu waziri kaacha mamilioni." Mimi huinuka nikaenda zangu jikoni. Siku moja sikuinuka. Nilipiga meza kwa kiganja mpaka chai ikamwagika, nikawaambia nyamazeni, nyie hamjui kitu! Wakatazamana, bibi kapatwa na nini leo. Nilitaka kuwaeleza, nikaishia kufuta chai. Kwa hivyo naandika.

Mimi nimemjua mvumbuzi mmoja wa Nigeria. Sikumjua kwa kumsoma. Nilimjua Amerat, nyuma ya milima ya Matrah, mwaka wa sitini na nane, wakati Amerat ilikuwa mitende na visima na njia ya punda, si haya majumba mnayojengeana leo. Mzaliwa wa Kano. Alikwenda Hija na baba yake akiwa kijana, baba akafa njiani wakirudi, naye akabaki huku kwa Waarabu, karakana hii na karakana ile, mpaka akatua Maskati. Watu wa hapa humwita kila hujaji wa Afrika Magharibi Mtakruni, na yeye wakamwita hivyo hivyo. Mimi nilimwita fundi.

Sisi tulikuwa tumekuja kutoka Unguja mwaka wa sitini na nne, mama na mimi na mdogo wangu. Baba tulimwacha kule, ardhini. Ami yetu, binamu wa baba ambaye hatukuwahi kumuona hata kwa picha, alitupa vyumba viwili pembeni mwa shamba lake la mitende. Mama akitukataza kulalamika. "Tumepokewa," akisema, "tusikufuru." Lakini usiku wa kwanza tu nilimsikia anavyolia, na mchana akajifanya macho yanamuwasha kwa vumbi.

Mdogo wangu alianza kuumwa akiwa na miaka tisa. Akinywa maji kata kwa kata hashibi, anakonda, analowesha kitanda, anaona haya. Tulimpeleka Matrah kwa punda, kutoka alfajiri mpaka adhuhuri, kukwea na kuteremka majabali. Daktari wa hospitali akasema ni maradhi ya sukari, na kwamba ataishi kwa sindano, kila siku, maisha yake yote. Sindano ikikatika, mtoto hana siku nyingi. Alisema hivyo hivyo, bila ya kuzungusha, na mimi ndiye niliyemtafsiria mama.

Basi fikiria: mtoto wa sukari, anaishi katikati ya mitende. Msimu wa tende watoto wote midomo inanata, yeye anakaa kizingitini anawatazama. Mimi ndiye niliyefundishwa kazi. Asubuhi nnachemsha sindano ya kioo, nnamchoma pajani. Kisha nnachukua mkojo wake matone manane, nnautia kwenye kibomba cha kioo chenye dawa ya buluu, nnaupasha moto juu ya taa. Ukibaki buluu, alhamdulillahi. Ukiwa kijani, angalia. Ukiwa rangi ya tofali, hatari. Mdogo wangu akiusubiri ule moto kuliko mimi. "Dada, buluu?" "Buluu, mpenzi." Hapo ndipo anapokula.

Tabu ilikuwa joto. Ile dawa ya sindano, insulini, haitaki joto. Ilikuja kwa meli kutoka Bombay, na daktari akitupa chupa za miezi kadhaa kwa mara moja kwa sababu ya njia ile ya majabali. Jokofu Amerat nani analo? Tulizifunga chupa ndani ya mkebe, tukazishusha kisimani kwa kamba mpaka karibu na maji. Mwaka mzima tulikwenda hivyo, na mkojo ulikuwa buluu.

Kisha Ami akanunua mashine ya kuvutia maji. Ikaletwa vipande vipande, na pamoja nayo akaletwa fundi wa kuifunga. Mtu mrefu, mweusi wa kung'aa, mikono imejaa makovu ya chuma, kofia yake nyeupe haina hata doa la mafuta. Siku alipoiwasha, shamba zima lilikuja kutazama. Mashine ikakohoa, ikanguruma, mkanda ukazunguka, na ukaikamata kamba yetu. Nilipiga kelele, nani atanisikia? Mkebe ulipanda juu kama umetupwa, ukapiga ukuta wa kisima mara mbili, ukafunguka. Chupa mbili zilivunjika. Tatu zilianguka kwenye tope, zikasalimika.

Fundi alizima mashine, akaja mbio. "Hii nini?" Nikamwambia ni dawa ya huyu mtoto, na meli nyingine haitakuja mpaka joto liishe, na kisima sasa kimezibwa na bomba lake, na tutaiweka wapi? Sikumwambia kwa adabu. Nilimfokea mtu mzima mbele ya watu. Akazitazama zile chupa tatu kwenye kiganja changu, akamtazama mdogo wangu. "Binti," akasema kwa Kiarabu chake cha taratibu, "nipe siku mbili."

Siku mbili hizo dawa tuliifunga kwa kitambaa kilicholowa maji, tukaipepea kwa zamu. Fundi alinunua mitungi miwili ya udongo mtupu, isiyopakwa rangi, mkubwa na mdogo. Akautia mdogo ndani ya mkubwa, na nafasi iliyobaki kati yao akaijaza mchanga wa wadi, ule mto mkavu, aliouchekecha na kuuosha. Hapo, alisema, ndipo alipofikia bibi yake, mfinyanzi wa Kano, aliyehifadhi mboga hivyo. Lakini mchanga wa bibi ulikauka kila mtu akisahau. Yeye akachukua mkebe, akautoboa, akapitisha utambi wa pamba, akautundika juu. Maji yakawa yanashuka tone kwa tone mchana kutwa bila ya mtu. Akaunda kigoda cha miguu mitatu ili upepo upite na chini pia. Halafu akaweka kikombe cha kahawa chenye samli ndani ya mtungi mdogo, kando ya chupa.

"Sina kipimo cha joto," akaniambia. "Samli ndiyo kipimo. Ikiganda, dawa salama. Ikiyeyuka, kuna kosa, nitafute."

Akauweka mtungi kibarazani kwetu, chini ya paa la makuti ya mtende, mahali upepo unapopita wazi. Asubuhi yake nilitia kidole kwenye kikombe. Nje mawe yanachoma nyayo, na samli imeganda kama mafuta ya Desemba, mwezi wa baridi huku! Mama alimuombea dua mpaka akaona haya. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema mama, na fundi akataka atafsiriwe, akacheka sana.

Basi akawa akija jioni kuukagua, na tukimpa chai. Aliongea huku mikono inafanya kazi, hakuweza kukaa bure. Alinisimulia wahunzi wa kwao waliojua kuyeyusha chuma kabla ya Mzungu kufika, na watia rangi wa Kano na mashimo yao ya nili, na mwalimu mmoja wa mtaani kwao aliyetengeneza redio kwa vifaa vya kuokota, ikashika mpaka Kairo. "Kwetu watu wanavumbua kila siku," alisema. "Hakuna anayeandika." Yeye alikuwa akiandika. Alichora mtungi wake kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, kila kipimo kwa shubiri na vidole, na akakusudia kuipeleka kwa yule daktari wa Matrah, maana zile chanjo za watoto nazo hazitaki joto, na vijiji vya mbali havina jokofu. Redio ya Ami ikitangaza vita vya kwao, huacha kuchora, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaendelea. Majirani watano walimuomba mitungi kama ule, kwa maziwa na samaki. Akawafanyia.

Nasema haya yote mjue kwamba ule mtungi ulifanya kazi. Ulifanya kazi! Wiki nne, samli imeganda na mkojo buluu.

Kisha mama akaitwa Qurayyat, binamu yake kajifungua hana mtu. Na wiki ile ile kifaa cha mashine kikavunjika, fundi akashuka Matrah kusubiri kingine kije kwa meli. Kabla ya kwenda alipita kwetu. "Usiuguse, binti. Jaza mkebe asubuhi na jioni, basi. Upepo ndio unaofanya kazi yote." Nikamwambia nimefahamu. Mama naye akaniambia, "Mdogo wako nakuachia wewe." Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nimesoma skuli Unguja, sikuona kwa nini niambiwe mara mbili.

Siku ya tatu ukaanza kuvuma upepo wa magharibi, ule utokao jangwani. Aliyeuonja anaujua. Ukifungua mlango ni kama umefunua tanuri. Kope zinakauka, nguo inakauka mkononi kabla hujaianika. Nikautazama mtungi uko pale nje, unapigwa na moto ule mbele na nyuma. Nikajiambia, weewe, utaiacha dawa ya mtoto kwenye upepo huu? Kwetu Unguja mtungi wa maji hukaa ndani, pembeni, kwenye giza, umefunikwa. Bibi yangu alifanya hivyo, na bibi yake. Nani amewahi kuweka mtungi kwenye upepo wa moto akitaka maji baridi? Na tena palikuwa na jirani mmoja, kila akipita husimama akautazama, hasemi mashallah hata mara moja, "huu mtungi wenu huu, huu mtungi wenu." Nikaogopa kijicho.

Nikaubeba. Ulikuwa mzito, niliuburura mpaka ghalani, chumba cha mawe kisichokuwa na dirisha, ukuta wake mmoja ni ukuta wa jiko, masizi yamepenya mpaka sakafuni. Nikaufunika kwa kanga mbili, nikafunga mlango. Nikazidisha maji. Niliona raha moyoni, wallahi, kama mtu aliyeokoa kitu.

Siku ya pili samli ilikuwa maji. Alisema ikiyeyuka kuna kosa. Najua alisema, nilikuwepo. Lakini nikajiambia ni samli ya hapa, nyepesi, si kama ya kwetu. Nikatia nyingine, nayo ikayeyuka. Nikakitoa kikombe, samli nikaipikia mkate.

Ningeweza kuurudisha. Hatua ishirini tu! Nimezihesabu katika kichwa changu miaka yote hii. Lakini upepo haukukoma, na kila nilipofungua mlango wa nje ukanipiga usoni nikauona ndio adui. Wiki tatu mtungi ulikaa ghalani, unatokota taratibu kwa moto wa jiko nililokuwa nikiliwasha mwenyewe asubuhi na jioni.

Mkojo ukawa kijani. Nikamfokea mdogo wangu, nikamwambia ameiba tende. Akalia, akaapa. Sikumuamini, nikampekua mito na nguo. Ukawa tofali. Nikazidisha dawa, bado tofali. Akaanza kunywa maji vile vile kama zamani, kata kwa kata, na kunitazama kwa jicho la kuomba msamaha kwa kosa asilolitenda. "Dada, wallahi sijala."

Hapo nikaenda nikaiinua chupa nikaitazama kwenye mwanga. Dawa ile huwa kama maziwa yaliyotiwa maji, ukiitikisa kidogo huchanganyika sawa. Sasa imeshikana mapunje mapunje, na kioo kwa ndani kimeingia vumbi jeupe lisilotikisika. Ile ya pili pia. Zote. Nikakaa chini palepale ghalani. Nilifahamu, msifikiri sikufahamu. Nikainuka, nikauburura mtungi mpaka kibarazani, nikaupandisha juu ya kigoda, nikatundika mkebe, nikarudisha kikombe chenye samli. Nikafagia alama za mburuzo kwa ufagio. Kabla ya kumpa mtoto maji, nilifagia kwanza.

Mama alirudi siku ya pili yake, na adhuhuri fundi naye akafika na kifaa chake. Mdogo wangu alikuwa ameshaanza kutapika, pumzi yake nzito nzito, mdomo unanuka matunda yaliyooza. Mama alipiga ukelele mmoja tu. Fundi aliugusa mtungi akipita, akaenda akaleta punda wa Ami.

Tulimpandisha. Fundi alitembea ubavuni amemshika kiuno asianguke, mama mbele, mimi nyuma. Kilichokuwa mbele yetu ni kimoja tu, tufike Matrah kabla ya pumzi ile kukatika. Jabali likawa haliishi. Mama alisoma Yasin mpaka sauti ikamkauka, akawa anatikisa midomo. Tulipopumzika kivulini, mama amesogea kumlowesha mtoto midomo, fundi akanijia karibu.

"Niliushika mtungi," akasema polepole. "Chini una masizi ya jiko. Ulikaa wapi, binti?"

"Pale pale," nikasema. "Haukuondoka."

Akanitazama. Si kwa hasira, laiti ingekuwa hasira. Kisha akasema, "Haya, binti," akaenda akamshika tena mdogo wangu kiuno.

Daktari alikuwa na chupa moja aliyoiweka kwa ajili ya mahututi, akamchoma pale pale, akamtundikia maji ya chumvi mshipani, akakaa naye mwenyewe. Asubuhi mdogo wangu alifumbua macho, akanitafuta. "Dada, buluu?" Nikamwambia buluu. Ilikuwa tofali. Kabla ya laasiri alikata roho, mkono wake mkononi mwa mama.

Daktari, kwa upole, akauliza dawa ilikuwa inahifadhiwa vipi. Nikatafsiri swali. Mama akanigeukia, uso ule siwezi kuueleza. "Sema, mwanangu. Imeharibika vipi? Ilikuwa wapi?" Ningesema, ningefia pale, na mama angezika watoto wawili. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Kwa kweli niliogopa tu.

"Ni mtungi wa Mtakruni," nikasema. "Umetuharibia dawa."

Fundi alikuwa amesimama mlangoni. Kiswahili hakujua, lakini neno lile alilijua, na maneno ya Kiarabu niliyomtafsiria daktari aliyafahamu yote. Ile karatasi ya mfuko wa saruji ilikuwa mkononi mwake, ameikunja mara nne. Nadhani alikuwa ameichukua ili ampe daktari. Aliirudisha mfukoni. Angenisema, nani angemuamini yeye, na nani asingeniamini mimi, dada wa maiti?

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imepita miaka hamsini na haijafika mwisho.

Siku ya tatu ya matanga fundi alikuja Amerat kutoa pole. Majirani walikuwa wameshaivunja mitungi yao, vigae vimetupwa wadini, na yule wa kwetu Ami aliupiga teke mwenyewe. Ami alikuwa ameshampa ruhusa ya kwenda, yaani amemfukuza. Fundi akasimama nje ya kibaraza na kifurushi chake, akasoma Fatiha, akainyosha mikono, akamuombea mdogo wangu kwa jina lake kamili. Mama aligeuza uso ukutani mpaka fundi akamaliza, akageuka, akashika njia ya majabali peke yake, na kofia yake nyeupe.

Alipofika mbali, mama akainua mikono, machozi yanamdondoka mpaka kidevuni. "Ya Rabbi," akasema, "aliyeniulia mwanangu, mlipe. Usimpe raha, usimpe mtoto, usimpe pa kulaza kichwa."

Wanawake wote chumbani wakaitikia amina. Mama akanitazama, kwa sababu sauti yangu hakuisikia.

"Amina," nikasema.